Mikono Ni Hii Hii

Mama yake Kinyozi aliletwa kwa mwanawe amekalia kiti cha plastiki, wapwa wawili wamekibeba, mmoja huku na mwingine kule, naye katikati amenuna kama bibi harusi aliyebadilishiwa bwana. Alikuwa ameteleza kwenye sakafu yake mwenyewe akavunjika nyonga. Hospitali walipomaliza ya kwao, wakasema kilichobaki ni kumuuguza nyumbani: kumgeuza, kumwosha, kumkausha, na subira. Ukoo ukakaa kikao. Ukoo ule haukuwahi kukubaliana hata juu ya saa ya kuanza kikao, lakini siku hiyo waliafikiana kabla chai haijapoa. Mama apelekwe kwa Kinyozi, maana mke wa Kinyozi kazi yake ni kuhudumia wazee.

"Tumemleta kwa mtaalamu," alisema baba mdogo, msemaji wa ukoo, akiwa amesimama katikati ya chumba cha mbele na kofia mkononi. "Sisi wengine tungebahatisha tu."

Mke wa Kinyozi ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini, mkoba begani, manyoya meupe yamemganda kwenye sketi. Alimtazama baba mdogo, kisha akamtazama mumewe. Kinyozi alikuwa anakagua dari.

"Karibuni," alisema mke, akaenda uani. Kinyozi alimfuata kwa mwendo wa mtu anayeitwa na mwalimu mkuu.

"Uliwaambia mimi nafanya kazi gani?"

"Niliwaambia unahudumia."

"Nahudumia nani?"

"Sikuingia kwa undani."

"Baba mdogo kasema wazee."

"Kwani wengine si wazee?" Kinyozi alishusha sauti. "Yule wa hakimu mstaafu, ukipiga hesabu za mbwa, si anamzidi mama umri?"

Mkewe hakucheka. Alikung'uta sketi yake, na manyoya yakaruka yakatua kwenye nguo zilizoanikwa.

Kazi yake ilikuwa kuosha mbwa, kuwachana, kuwanyoa na kuwakata kucha, nyumba kwa nyumba, kule kwenye kuta ndefu na mageti ya umeme. Mbwa kule walikuwa wengi na wenye manyoya ya kila namna, lakini mtu wa kuwatengeneza bila kuwatesa ilikuwa shida kumpata. Palikuwa na kijana wa kuosha magari aliyewapiga mbwa maji ya mpira ule ule wa kuondolea tope kwenye matairi. Palikuwa na fundi mmoja aliyewafunga midomo kwa waya wa umeme, na mwingine aliyewalaza kwa vidonge, hadi mmoja akalala moja kwa moja. Mke wa Kinyozi yeye alifika, akakaa chini karibu na mbwa, akangoja anuswe. Hiyo tu ilitosha kumpa jina. Simu yake iliita kuliko ya daktari, na kodi ya nyumba, karo ya binti yao aliyekuwa shule ya bweni na hata umeme wa kibanda cha Kinyozi, vyote vilitoka kwenye migongo ya mbwa.

Kinyozi alivila vyote hivyo bila kusakamwa. Kilichomkwama kooni ni neno lenyewe. Mtu akiulizwa mkeo anafanya kazi gani, atajibuje? Ndipo mama yake alipouliza kwa simu, naye akasema anahudumia wazee, na mama akafurahi akawaambia majirani zake wote kijijini, na majirani wakamwombea. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii yake ilikuwa na lami, na ilimleta mama hadi mlangoni.

* * *

Kitanda cha mama kiliwekwa chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama uani, ili apate hewa. Mke aliwapigia wateja wake akawaomba radhi, akasema ana mgonjwa. Wateja walilia kama wamefiwa. Kisha akazima simu, akachemsha maji, akamzungushia mama mkwe wake mapazia ya khanga na kuanza.

Siku za mwanzo zilikuwa njema mno. Mama, ambaye kule hospitali alimng'ata muuguzi kwa ufizi, hapa alitulia. Mkwe wake hakumshika ghafla. Aliweka kwanza kiganja begani, akakiacha hapo mpaka bega likubali. Alipima maji kwa kifundo cha mkono, akaosha sehemu moja na kuifunika kabla hajafunua nyingine, na alipomgeuza hakumvuta, alimwegemeza kwake wakageuka pamoja. Mgongoni, chini karibu na mfupa, palikuwa na alama nyekundu aliyotoka nayo hospitali. Daktari wa zahanati alikuwa ameionyesha kwa kalamu.

"Hapa ndipo pa kulinda," alikuwa amesema. "Pakavu, pasafi, ageuzwe. Pakifunguka, kwa umri huu, sitaki kuwaambia."

Mama hakujua habari za alama. Alijua tu kwamba anaoshwa kama malkia. Jirani wa upande wa pili, muuza vyombo aliyeitwa Mama Sufuria, alipokuja kumjulia hali, alipewa hotuba.

"Mnamwona huyu?" mama alisema, akimwonyesha mkwe wake kwa kidevu. "Mwanangu kaoa hazina. Umesomea chuo gani, mkwe wangu?"

"Kazini tu, mama."

"Wasikie waliosoma kweli. Hawajisifu."

Kinyozi, aliyekuwa anakunywa chai mlangoni, alikumbuka ghafla kwamba amesahau kufunga kibanda.

* * *

Hakimu mstaafu alikuja asubuhi moja bila taarifa, kwa sababu simu ilikuwa imezimwa na yeye si mtu wa kuzimiwa simu. Gari lake liliziba uchochoro wote. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha ukumbi, na nyuma yake alimvuta mbwa mkubwa mzee anayeitwa Kanali, manyoya yamesokotana mpaka amekuwa kama godoro lililonyeshewa.

"Nimezunguka mji mzima," alisema akiwa bado uani, hatua chache kutoka dirishani. "Nimempeleka kwa yule wa magari, kamkata sikio. Sasa Kanali hashikiki, anauma kila mkono. Mwanangu, hakuna mtu mwingine anayejua kuosha mbwa katika mji huu. Taja bei yako."

Kinyozi alitoka mbio na taulo shingoni.

"Mheshimiwa, karibu! Huyu, mama, huyu ni... familia ya mzee mmoja," alisema, nusu kwa hakimu na nusu kwa dirisha.

"Mzee gani?" aliuliza hakimu. "Mimi mjane."

Kisha sauti ya mama ikatoka dirishani, taratibu.

"Mkwe. Njoo hapa."

Mke aliingia. Kinyozi aliingia nyuma yake, kwani alipotazama uchochoro aliona umezibwa na gari.

"Yule mwanamke anasema nini?"

"Anasema kweli, mama. Naosha mbwa."

"Na wazee?"

"Sina wazee. Nina wewe tu."

Mama alimtazama mwanawe. Kinyozi alikuwa amerudi kukagua dari. Mama akamgeukia tena mkwe wake.

"Sabuni unayoniogeshea?"

"Ni yako, mama. Ya mbwa iko kwenye mkoba."

"Na taulo?"

"Taulo ni lako."

"Na mikono?"

Hapo angeweza kusema lolote. Kinyozi, nyuma yake, alikuwa anamwomba kwa macho aseme lolote.

"Mikono ni hii hii," alisema mke.

Jagi la maji lilikuwa karibu na mto. Mama hakuwa na nyonga, lakini mkono wa kutupia alikuwa nao, na jagi lilimpata mkwe wake kwenye mfupa wa shavu. Maji yalimwagika mpaka mlangoni. Huko uani Kanali alibweka, na hakimu mstaafu, ambaye alijua kwamba hukumu ikishasomwa watu huondoka, alimpakia Kanali, akaliwasha gari akaondoka kinyumenyume.

* * *

Mama aligoma. Hakugoma kula, maana hakuwa mjinga. Aligoma kushikwa. Mkwe wake akikaribia na beseni, yeye anafumba macho na kukaza mwili wote kama mlango uliokomelewa. Mke alijaribu asubuhi, akajaribu jioni, kisha akavaa sketi yake ya kazi na kuwasha simu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Kinyozi.

"Kwa wanaonitaka. Kodi inakaribia, na wale hawaniulizi mikono."

"Na mama?"

"Muulize mtaalamu wake. Wewe ndiye uliyemwajiri."

Kinyozi alipiga simu kwa dada zake. Wa kwanza alisema ana mafua. Wa pili alisema njia imekatika, ingawa mvua haikuwa imenyesha popote. Wa tatu alishangaa kwa dhati: "Lakini mkeo si ndiyo kazi yake?" Kinyozi angesema ukweli, lakini mama, aliyekuwa anasikiliza kutoka kitandani, alimtolea jicho. Habari za mkwe mtaalamu zilikuwa zimezagaa kijiji kizima kwa mdomo wa mama mwenyewe, na aibu ile sasa ilikuwa yao wote wawili.

Kwa hiyo akaajiriwa Mama Sufuria. Alikuwa mwanamke mwema, lakini kila alichokishika alikisugua kwa imani kwamba kimeungua. Mama alipiga kelele zilizosikika mpaka barabarani. Mama Sufuria alirudi siku ya pili, akasugua tena, akapigwa teke na mguu mzima, akasema biashara ya vyombo haina teke.

Ikabaki zamu ya Kinyozi. Alichemsha maji, akasimama na kitambaa karibu na kitanda cha mwanamke aliyemzaa. Mikono yake, iliyokwisha kushika vichwa vya watu wazima na watoto wachanga, haikujua ianzie wapi.

"Mama, nitafumba macho."

"Ukifumba utaosha ukuta," alisema mama. "Toka, mwanangu. Tafadhali toka." Kinyozi akatoka akiwa na beseni lake vile vile. Uani aliyamwaga maji yale safi, akabaki amesimama. Alitaka kulia, akakumbuka kwamba Mama Sufuria anaona kila kitu kupitia uzio.

Na Mama Sufuria hakuwa anaona tu, alikuwa anasimulia. Kwenye kibanda cha Kinyozi mteja mmoja, kabla hajakaa, alikinusa kitambaa cha shingoni. Mwingine aliitazama mashine kwa muda mrefu na kuuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia afya ya mgonjwa, "Hii ni ya watu?"

"Ni ya watu."

"Watu tu?"

"Kaa au usikae," alisema Kinyozi.

Mteja alikaa, lakini rafiki yake aliyekuwa kwenye benchi akabweka kidogo, kwa heshima, na kibanda kizima kikacheka. Kinyozi alimnyoa yule mteja vizuri kuliko siku zote, hakuacha hata unywele mmoja. Alipofika nyumbani alikuta harufu ya kitanda cha mama imemtangulia kumpokea mlangoni. Daktari wa zahanati alikuwa amepita. Alikuwa ameacha dawa, pamba na maneno machache kwa mke: ngozi imeanza kulainika, na pakifunguka kabla wiki haijaisha, waite ukoo.

* * *

Hakimu mstaafu alirudi siku ya mapumziko, safari hii akiwa amemfunga Kanali kwa minyororo miwili.

"Kamng'ata mtunza bustani wangu," alisema. "Daktari wa mifugo anasema ama atengenezwe leo, ama apigwe sindano ya mwisho. Chini ya manyoya kaoza."

"Mwache," alisema mke. "Urudi alasiri."

Kanali alifungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo, mbele ya dirisha la mama, maana uani hapakuwa na nguzo nyingine. Mke alitandika gunia, akaweka mkasi, kitana, mafuta na beseni, kisha akakaa chini na kumpa mbwa ubavu. Hakufanya lolote. Kanali alinguruma. Yeye akatazama miguu yake mwenyewe. Jua lilisogea kwenye ukuta.

"Analala huyo?" mama alimuuliza Kinyozi, aliyekuwa ameketi ndani akijifanya anatengeneza redio.

"Anangoja, mama."

"Anangoja nini?"

"Sijui. Mimi wateja wangu wanakuja wenyewe."

Hatimaye Kanali alinyoosha shingo akanusa kiwiko. Mke aliweka kiganja begani mwake. Mama, dirishani, aligeuza uso, kisha akaurudisha. Mkasi ulianza kufanya kazi polepole, kwenye ncha za mafundo, huku vidole vya mkono wa pili vikishika shina la manyoya ili ngozi isivutike. Fundo moja, mafuta, fundo jingine. Midomo ya mke ilikuwa inacheza, lakini maneno hayakufika ndani. Alipofika ubavuni, penye kidonda, Kanali aligeuka ghafla akamng'ata mkono.

"Mpige!" alipiga kelele mama. "Mpige huyo shetani!"

Kinyozi aliangusha redio. Lakini mkewe hakumpiga, wala hakuuvuta mkono. Aliuacha mdomoni mwa mbwa, uso umemkunjika kwa maumivu, midomo bado inacheza, mpaka meno yakalegea yenyewe. Aliosha mkono wake kwa maji ya beseni, akaufunga kwa leso, akaanza tena palepale alipokatizwa.

Mama alitazama mpaka godoro lile lote la manyoya likawa chini, na juu ya gunia akabaki mbwa mwembamba mwekundu wa ngozi, mzee kuliko alivyoonekana, anatetemeka. Mke alimkausha kwa kumgusagusa, akampaka dawa, akamfunika shuka. Kanali alilaza kichwa kwenye paja lake na kulala. Hakimu mstaafu aliporudi, alisimama uani muda mrefu bila kunyamazisha mtu yeyote, kisha akatoa leso yake mwenyewe.

* * *

Gari lilipoondoka, mke aliingia ndani kutafuta pamba.

"Mkwe," alisema mama.

"Naam."

"Amekuuma."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe hukumpiga."

"Alikuwa anaumwa. Anayeumwa akiguswa anauma, hamjui mtu."

Mama aliitazama leso yenye damu, kisha akatazama shavu la mkwe wake, ambapo alama ya jagi ilikuwa imegeuka rangi ya kijani.

"Nani aliuma zaidi?"

Mke alifikiri kwa haki.

"Yeye ana meno, mama."

Kinyozi, pembeni na redio yake iliyovunjika, aliacha kuokota vipande. Mama alitoa sauti fupi puani. Ilikuwa karibu kicheko, lakini ilimtikisa mgongo na maumivu yakamshika, akauma midomo mpaka yakapita.

"Huyu mumeo," alisema mama alipopata pumzi, bila kumtazama Kinyozi, "nilimlea mimi. Kama ana aibu ya kijinga, aliitoa kwangu." Akapeleka mkono nyuma ya kiuno. "Kuna kitu kibaya huko mgongoni. Nakisikia. Hamniambii, lakini nakisikia."

"Kipo, mama. Hakijafunguka."

"Basi leta maji."

Mke alileta maji. Alifunga khanga, akapima joto kwa mkono ule mzima, akaweka kiganja begani kwa mama mkwe wake na kungoja. Bega lilichukua muda. Kinyozi alijua anatakiwa kutoka, akainuka, lakini akabaki nyuma ya pazia na mgongo wake kwao.

"Yule mbwa," ilisema sauti ya mama, "ulikuwa unamwambia nini?"

"Maneno tu, mama."

"Maneno gani?"

Maji yalichuruzika kwenye beseni. Mke aliona haya, kwa mara ya kwanza tangu kiti kile cha plastiki kiingie nyumbani kwake.

"Namwambia najua panauma. Namwambia hakuna anayemharakisha. Namwambia tukimaliza atalala vizuri."

Mama aliuelekeza uso wake ukutani.

"Niambie na mimi."

Kinyozi alichukua birika akaenda jikoni kuchemsha maji mengine, ingawa yaliyokuwapo yalitosha.